FOV, rezolusheni na umbo la skrini: seti gemu uone pembeni vizuri bila picha kuvutika

Kila wiki maswali ni yale yale. Mmoja kanunua monita ya 4K (3840x2160) anashangaa mbona adui wa pembeni hamwoni zaidi ya alivyokuwa anamwona zamani, mwingine kapata monita ya mraba ya ofisini kwa bei chee, akifungua gemu watu wote wamekuwa warefu wembamba, wa tatu akicheza nusu saa tu kichwa kinamgonga na kichefuchefu juu. Tatizo lao wote liko eneo moja, na kabla hujatoa hela nyingine naomba upitie huu mwongozo mpaka chini, maana sehemu kubwa inatengenezeka bure kwenye setingi.

Shika hili kwanza: rezolusheni ni idadi ya pikseli, yaani vidoti vinavyounda picha, FOV ni upana wa eneo ambalo kamera ya gemu inakuonyesha, unapimwa kwa digrii. Ukipandisha pikseli bila kubadili umbo la skrini, eneo unaloliona ni lile lile. Ni kama kutoa wavu wa mbu dirishani, uwanja haujaongezeka ila sasa unaona mpaka majani. Kinachoongeza au kupunguza eneo ni umbo la skrini, yaani upana kwa urefu, pamoja na namba ya FOV uliyoweka kwenye gemu. Nadharia inaishia hapo.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Rezolusheni halisi ya skrini yako (hatua ya 1 inakuonyesha pa kuiona)
- Tepu ya kupimia, hata ile ya fundi nguo inatosha
- Kalkuleta ya simu
- Draiva ya kadi ya grafiksi iliyo sawa, maana bila draiva Windows inaweza kukuficha rezolusheni halisi ya skrini
- Gemu moja unayoijua vizuri, ya kujaribia. Mi natumia Minecraft ya PC maana dirisha lake unalivuta utakavyo na mabloku yanahesabika

Hatua ya 1: Jua umbo la skrini yako

Kliki kulia kwenye desktopu, ingia "Display settings", shuka mpaka "Display resolution". Ile iliyoandikwa "Recommended" ndo halisi ya skrini. Chukua namba ya kwanza gawanya kwa ya pili.

Ukipata kama 1.78 hiyo ni 16:9. Humu ndo wamo wengi: 1280x720, 1920x1080, 2560x1440, 3840x2160, na ile 1366x768 ya laptop nyingi za mtumba imo humo humo, inapishana kidogo sana. Wote hawa kwenye gemu moja wenye namba moja ya FOV wanaona eneo lile lile, mwenye laptop ya 768 na mwenye 4K wanamwona adui yule yule kwenye kona ile ile, tofauti ni kwamba wa 4K anamwona mpaka vifungo vya shati.

Ukipata 1.6 ni 16:10, hizi ni 1440x900 na 1680x1050 za monita za zamani, na 1920x1200 ya laptop mpya mpya. 1.33 ni 4:3. 1.25 ni 5:4, zile monita za inchi 17 na 19 za 1280x1024 zilizojaa kwenye maduka ya used, ni monita nzuri kwa kazi ila kwenye gemu za risasi zinakunyima pembeni. Ukipata kama 2.37 au 2.39 unayo ultrawaidi (2560x1080 au 3440x1440), na 3.56 ni zile pana kabisa za 5120x1440.

Hatua ya 2: Weka rezolusheni halisi sehemu zote mbili

Windows iwe kwenye "Recommended", afu ndani ya gemu chagua namba ile ile na uweke fulskrini. Watu wengi wanasahau ya ndani ya gemu. Gemu ikiwaka mara ya kwanza inaweza kujichagulia 1024x768, ambayo ni 4:3, na wewe una skrini ya 16:9, hapo ndo unaona watu wamenenepa au pande mbili zimekuwa nyeusi afu unailaumu monita.

Angalizo: kama mashine yako dhaifu usikimbilie kushusha rezolusheni kiholela. Ukishusha, shuka ndani ya umbo lile lile. Mwenye 1920x1080 ashuke 1600x900 au 1280x720, asiende 1280x1024. Na bora zaidi, kama gemu ina "Resolution scale" au "Render scale" shusha hiyo mpaka 80 au 70 uache rezolusheni ilivyo, maandishi na ramani yanabaki safi na FOV haiguswi kabisa. FSR na DLSS (setingi za AMD na Nvidia za kuchora picha ndogo afu kuikuza) nazo kwa upande huu hazina shida, zinapunguza pikseli zinazochorwa ndani, eneo la kuona haziligusi.

Hatua ya 3: Unatumia TV? Zima kukata kingo

Hii inawahusu wengi sana wanaochomeka PC kwenye TV ya sebuleni kwa HDMI. TV nyingi zina tabia ya kukuza picha kidogo na kukata kingo zote nne, tabia ya enzi za matangazo ya antena. Utaijua kwa sababu kitufe cha Start cha Windows kinakatwa nusu, au kwenye gemu risasi zilizobaki pale pembeni hazisomeki. Hapo unapoteza eneo la kuona kweli kweli na hakuna setingi ya gemu itakayolirudisha.

Chukua rimoti, ingia kwenye setingi za picha, sehemu ya ukubwa wa picha. LG tafuta "Just Scan", Samsung tafuta "Screen Fit" au "Fit to screen", Sony ni "Full Pixel". TV nyingine inaandikwa "1:1" au "Dot by dot". Kama haipo kabisa, ipe hiyo HDMI jina la "PC" kwenye menyu ya TV, kwa TV nyingi hiyo inatosha. Usianze kupunguza picha kwenye programu ya kadi ya grafiksi kabla hujajaribu rimoti, maana hapo picha inabanwa ukubwa na inakuwa na ukungu.

Hatua ya 4: Amua picha isiyolingana na skrini ifanyweje

Kuna gemu utacheza kwa umbo lisilo la skrini yako, kwa kutaka au kwa kulazimika. Hapo kadi ya grafiksi ndo inaamua: ivute picha ijaze skrini au iiache na umbo lake iweke weusi pembeni.

Nvidia: fungua "NVIDIA Control Panel", nenda "Adjust desktop size and position". "Aspect ratio" inahifadhi umbo, "Full-screen" inavuta. AMD: kwenye programu yao ingia sehemu ya "Display", washa "GPU Scaling" afu chagua "Preserve aspect ratio" au "Full panel". Intel nao wanayo kwenye "Intel Graphics Command Center", sehemu ya "Display", iko kwenye "Scale".

Ushauri wangu weka kuhifadhi umbo, isipokuwa una sababu. Sababu inayotajwa sana ni gemu ya risasi ya Counter-Strike, wachezaji wengi wa mashindano wanatumia 4:3 ya kuvutwa, na kila chipukizi anataka kuiga. Iga ukijua unachouza. Ukicheza 4:3 iliyovutwa kwenye skrini ya 16:9, adui anaonekana mnene kwa theluthi moja zaidi, ni kweli, ila na yeye akikatiza mbele yako anakatiza kwa kasi ya theluthi zaidi machoni, na mausi yako inaonekana ina haraka kwenda kushoto na kulia kuliko juu na chini. Juu ya hapo unatoka digrii 106 unashuka 90, zile digrii 16 za pembeni zimeenda, na mtu aliyejibanza huko atakupiga hujamwona. Kwa anayeanza sioni faida, cheza 16:9 mpaka ujue unatafuta nini.

Hatua ya 5: Ipime gemu yako inavyofanya

Hapa ndo penye utamu, na ni hatua ambayo watu wanairuka afu wanabishana miezi.

Fungua Minecraft, dunia ya kujenga, tengeneza ukuta mrefu wa mabloku ya rangi zinazopishana ili uhesabu vizuri. Simama mabloku 5 kutoka ukutani, angalia katikati, FOV iwe 70 ambayo ndo "Normal" yao. Bonyeza F1 kuficha vitu vya skrini, afu F2 kupiga picha. Dirisha likiwa na umbo la 16:9 utahesabu mabloku kama 12 na nusu kwa upana na 7 kwa urefu. Badili rezolusheni kutoka 1920x1080 kwenda 1280x720, piga tena, hesabu: ni 12 na nusu vile vile. Sasa punguza upana wa dirisha liwe na umbo la 4:3. Yanabaki 9 na kitu, urefu bado 7. Mwenye ultrawaidi ataona zaidi ya 16. Hapo umeona kwa macho yako kwamba pikseli hazikuongeza hata bloku moja, umbo ndo liliongeza.

Hiyo ni gemu inayoshika urefu na kuongeza upana, gemu nyingi za PC za sasa ziko hivo. Lakini sio zote, kwa hiyo jaribu yako: simama sehemu moja bila kusogeza mausi, piga picha kwa 16:9, badili iwe 4:3 bila kuvuta, piga tena, linganisha. Kama pembeni pamepungua na juu chini pako sawa, ni kama Minecraft. Kama pembeni pako sawa na juu na chini pameongezeka, gemu yako inashika upana, maana yake ukinunua ultrawaidi utakatwa juu na chini na hela yako imekula kwako. Kama hakuna kilichobadilika ila picha imebanwa, gemu inavuta tu.

Hii ya pili, ya kushika upana, ndo siri ya ile "iPad view" ya PUBG Mobile inayoulizwa sana. iPad ina umbo karibu na 4:3, simu ni ndefu nyembamba, gemu inamwonyesha wa iPad juu na chini zaidi. Ni umbo la skrini tu linafanya kazi. Zile programu na mafaili ya kuigiza iPad kwenye simu achana nayo, yanagusa mafaili ya gemu na akaunti inaweza kufungiwa.

Hatua ya 6: Chagua namba ya FOV, na usikopi namba ya gemu nyingine

Kosa namba moja kwa wanaoanza ni hili. Mtu anasikia 90 ni nzuri, anaweka 90 kila mahali. Gemu hazihesabu kwa njia moja. Kuna zinazopima upana, kuna zinazopima urefu, na kuna zinazopima upana wa 4:3 hata kama una skrini ya 16:9.

Mfano Counter-Strike ni 90, lakini ni 90 ya 4:3. Kwenye umbo mbalimbali inakuwa hivi, upana halisi:

- 5:4 (1280x1024): kama 86
- 4:3: 90
- 16:10: 100
- 16:9: 106
- Ultrawaidi 2560x1080: 121
- 5120x1440: 139
- Monita tatu za 16:9 zikiunganishwa kuwa 5760x1080: 152

Valorant wao wamefunga 103 ya upana kwenye 16:9. Kwa hiyo 90 ya Counter-Strike inaona pana kuliko 103 ya Valorant, japo namba ni ndogo. Minecraft ile 70 ni ya urefu, kwa upana wa 16:9 ni kama 102. Ukiweka 103 kwenye Minecraft ukidhani unalinganisha na Valorant, utashangaa mikono imekimbilia mbali na kila kitu kimekuwa kidogo kama unaangalia toka juu ya mnara.

Pa kuanzia kwa gemu za risasi kwenye 16:9 na monita ya mezani: upana halisi kati ya 95 na 106. Kama slaida inapima urefu, hiyo ni kama 63 mpaka 74. Cheza siku mbili tatu ndo ubadilishe, panda au shuka kwa 5, sio kuruka 30 kwa mpigo. Ukipanda sana watu wa mbali wanakuwa vidoti na vitu vya pembeni vinavutika, hiyo sio hitilafu ya monita, ndivyo picha bapa inavyolazimika kubeba eneo pana. Ukishuka sana unapata ile hali ya kuangalia kupitia bomba, na hapo ndo kichefuchefu kinapoanzia kwa watu wengi, hasa ukiwa karibu na skrini kubwa.

PUBG ya PC slaida ya kucheza kwa macho ya mchezaji mwenyewe ni 80 mpaka 103, Apex Legends ni 70 mpaka 110. Za mpira kama EA FC hazina FOV kwa jina hilo, cheza na urefu na zoom ya kamera, kazi ni ile ile ya kuona mawinga kabla hujapiga pasi.

Hatua ya 7: Kwa wanaoendesha magari na malori, pima umbali wako

Kwenye Assetto Corsa, Euro Truck Simulator 2 na wenzao FOV sio ladha tu, inakwambia kona iko mbali kiasi gani na ushike breki saa ngapi. Chukua tepu. Pima upana wa kioo cha monita bila fremu, kwa sentimita, afu pima kutoka jichoni mpaka kwenye kioo ukiwa umekaa unavyokaa siku zote. Gawanya upana kwa mbili, gawanya jibu kwa umbali, bonyeza tan⁻¹, zidisha mara mbili.

Monita ya inchi 24 ina upana wa sentimita 53. Ukikaa sentimita 60: 26.5 gawa kwa 60 ni 0.44, tan⁻¹ yake karibu 24, mara mbili ni 48. Inchi 27 umbali huo huo ni 53, inchi 32 ni 61. Kalkuleta ya simu ilaze ndo utaona tan⁻¹, na hakikisha imeandikwa DEG, ikiwa RAD utapata kama 0.83 uanze kudhani gemu ni mbovu. Assetto Corsa inapima urefu, kwa hiyo pima urefu wa kioo badala ya upana, inchi 24 kwa umbali huo inatoka 28.

Utaona namba ni ndogo mno kulinganisha na gemu za risasi. Ndo ukweli wa jiometria, monita moja ni kidirisha kidogo. Kwenye mashindano ya magari mi nasema ikaribie hiyo namba na usogeze monita karibu, ikae nyuma tu ya usukani. Kwenye Euro Truck usiing'ang'anie, ukiweka 48 vioo vya pembeni vinatoka nje ya skrini na kurudisha trela rivasi inakuwa mateso. Bonyeza F4, rekebisha kiti na FOV mpaka kioo cha upande wa dereva kiingie, hapo simama.

Hatua ya 8: Angalia upya sensi (wepesi wa mausi)

Ukibadili FOV, mausi itaonekana imebadilika hata kama hujaigusa. FOV pana inafanya kila kitu kionekane kinaenda taratibu katikati ya skrini, nyembamba inafanya kinaenda kasi. Mzunguko wa mwili ni ule ule, jaribu kugeuka nyuma kabisa utaona mkono umesafiri umbali ule ule. Usibadili sensi siku hiyo hiyo, zoea kwanza. Call of Duty za karibuni zina chaguo la FOV ya kulenga kuwa "Affected" au "Independent", la kwanza linafanya hata ukilenga eneo libaki pana, la pili linakuvuta karibu. Anayelalamika bunduki inaruka sana akilenga ajaribu la kwanza.

Ikigoma

*FPS (picha kwa sekunde) zimeshuka baada ya kupandisha FOV.* Kawaida, kamera pana inachora vitu vingi zaidi kwa wakati mmoja. Shusha vivuli na umbali wa kuchora kwanza. Na kama umehama 1080p (1920x1080) kwenda 4K kumbuka ni pikseli mara 4, milioni 8.3 toka milioni 2.07, hiyo ndo inakula kadi yako.

*Watu wanene au wembamba.* Rudi hatua ya 2 na ya 4. Wanene ni picha ya 4:3 imevutwa kwenye skrini pana, wembamba ni picha ya 16:9 imebanwa kwenye monita ya mraba.

*Gemu inaonekana robo tatu tu, nyingine iko nje ya skrini.* Windows imewekwa kukuza maandishi 125% au 150% na gemu ya zamani inachanganyikiwa. Kliki kulia faili la gemu, "Properties", "Compatibility", "Change high DPI settings", weka tiki kwenye "Override" na uchague "Application".

*Picha ina ukungu ingawa umbo ni sawa.* Haiko kwenye rezolusheni halisi. 1080p kwenye skrini ya 1440p (2560x1440) haigawanyiki sawasawa hivo lazima ilainike, kwenye 4K inagawanyika mara mbili kamili kwa hiyo inaweza kukaa vizuri.

*Weusi pembeni kwenye ultrawaidi hata ufanyeje.* Kuna gemu zimefungwa 16:9, Elden Ring ni mojawapo. Zipo programu za kufungua, lakini zinataka uzime ulinzi dhidi ya wadanganyifu, kwa hiyo ni za kucheza peke yako bila mtandao. Kwenye gemu ya mtandaoni usithubutu.

*FOV inapanuka yenyewe ukikimbia.* Minecraft hiyo imewekwa makusudi. Ingia "Accessibility Settings", shusha "FOV Effects" mpaka mwisho, wenye kichefuchefu hii inawasaidia sana.

*Gemu ya zamani kama GTA San Andreas haikai vizuri kwenye skrini pana.* Ilitoka 2004 wakati skrini zilikuwa 4:3, ukiacha hivo inavutika, ukiwasha chaguo lake la skrini pana inakata juu na chini. Tafuta "Widescreen Fix" ya toleo lako la PC, kopi mafaili kwenye folda ya gemu, lakini kopi kwanza folda nzima pembeni kabla hujagusa kitu.

*Slaida ya FOV haipo kabisa.* Angalia kwenye "Camera" au "Gameplay", zingine zinaificha huko badala ya "Video". Ikikosekana kote na gemu ni ya mchezaji mmoja, tafuta faili la setingi la gemu hiyo, mara nyingi linaishia na .ini au .cfg, libadili gemu ikiwa imefungwa. Kama bado, sogeza kiti nyuma kidogo. Kamera nyembamba ukiitazama toka mbali kidogo haichoshi macho, na hilo ndo linalowasaidia wanaocheza kwenye TV wakiwa wamekaa kwenye kochi.